Mstari Alioutunza Zainabu

Kibokoni, Mombasa
Jumatano, mwezi wa Shaabani

Kwa dada yangu Amina,

Asalaam alaikum. Naanza na wewe: hujambo? Kifua kimetulia, au bado wakohoa na kuwaambia watu ni vumbi? Na mama, lile goti lake laendaje? Ile dawa niliyompa kondakta wa basi ni ya kuchua, mwambieni, si ya kunusa. Namjua mama, atainusa aseme imemtosha. Na paa la jikoni, mmeshalifunika? Mimi mwili hauna neno. Nala, nalala, asubuhi naenda Kilindini kuhesabu magunia ya watu, jioni narudi chumbani kwangu. Ukiniona njiani utasema Abdu amenawiri. Lakini moyoni, dada, sina raha hata kidogo.

Sasa kabla hujaendelea, tazama nani yuko karibu nawe. Kama mama amekaa hapo ubavuni akingoja umsomee kwa sauti kama kawaida yenu, mwambie Abdu mwandiko wake umezidi kuharibika, utamsomea baada ya chakula. Msomee hizo salamu za juu. Haya yaliyobaki yasome peke yako, kisha wewe mwenyewe ndiye utajua umwambieje. Mimi nimeshindwa kujua.

Swaleh anaoa. Mume wa mdogo wetu Zainabu anaoa mke wa pili, Jumapili hii, ng'ambo ya Feri, Likoni. Na kilichomfikisha hapo ni wimbo. Ndiyo, wimbo. Usidhani nimekula kitu kibaya. Mtu mwengine angenieleza habari hii ningemcheka, ila huu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiupigia tabla.

Wajua kwamba siku ambazo hakuna kazi bandarini nacheza na kikundi cha taarabu, kwenye maharusi. Nyimbo zetu nyingi tunatungiwa na mtu mmoja aitwaye Fundi Mbwana. Si shekhe wala mwalimu, ni fundi wa injini za mashua kule Liwatoni. Hutunga akiwa amelala chali chini ya injini, spana mkononi, anagonga chuma akitafuta mizani, na ukimsemesha wakati huo hukujibu kwa matusi. Miezi michache nyuma aliniita nikamkuta ameketi juu ya pipa, amenawa mikono kabisa, jambo ambalo si la kawaida yake. Akaniimbia wimbo mpya. Ubeti wake wa kwanza huu:

Sahani nimeandika, chakula nimepakua,
Na taa bado yawaka, mlango nimefungua,
Macho yangu yamechoka, moyo wangu waugua,
Mgeni wangu kufika, ni nani anayejua?

Mahadhi yake ya polepole, ya mtu anayetembea kwa miguu mizito. Akanambia, "Abdu, huu usiuchangamshe. Huu si wa kuchezwa. Watu waukalie tu wausikilize." Nikamuuliza umemtungia nani. Akanifunga kwanza kwa kiapo, ndipo akanieleza. Nami leo nakuambia wewe kwa sababu huko Kipini hakuna amjuaye, na kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Mungu anisamehe.

Fundi Mbwana ana mtoto mmoja tu, Nasoro, alikwenda Arabuni kutafuta kazi. Kijana amefungwa huko. Kosa gani, muda gani, baba mtu hajui vizuri. Habari aliletewa na baharia. Lakini mkewe Fundi, Bi Saumu, ameambiwa mtoto amepata kazi melini, meli za safari ndefu, na karibu atatokea. Basi kila Ijumaa Bi Saumu huandika sahani ya Nasoro, huitenga mkekani. Hupakua wali, huufunika kawa, huacha mlango wazi, na magharibi ikiingia huwasha taa. Fundi Mbwana hukaa pale akala chakula chake huku akiitazama sahani ile. Wimbo ni maneno ya Bi Saumu, ameyatunga mumewe ambaye ajua mgeni haji. Dada, hamna fumbo mle ndani. Sahani ni sahani. Mlango ni mlango. Sijawahi kupigia wimbo ulionyooka kama ule.

Sasa sikia mambo ya Mombasa.

Binamu yake Swaleh aliolewa hapa hapa Kibokoni, na kikundi chetu tukaitwa kupigia kinamama baada ya alasiri. Ua ulijaa, udi wafuka kila pembe, sisi wapigaji tumekaa juu ya jukwaa la mbao. Mwimbaji wetu Bi Nuru, ambaye hajui lolote kuhusu Nasoro, akaupenda wimbo mpya akauanza. Zainabu alikuwa amekaa safu ya mbele, maana ni mke wa nyumba ile, amependeza, amejifunga leso mpya kiunoni. Na wewe wajua, dada, na mtaa mzima wajua, kwamba Zainabu na Swaleh wana miaka mingi ndani ya ndoa na mtoto hawajajaaliwa.

Ilipofika "mgeni wangu kufika", akainuka Maimuna, dadake Swaleh. Noti kaiinua juu ya kichwa. Hakwenda kwa mwimbaji. Akazunguka ua wote, taratibu, kiuno kikienda kwa ngoma yangu mimi, akafika mbele ya Zainabu akasimama. Akacheza pale pale mbele yake, noti ikipepea usoni pake, kisha ndipo akaenda kumpa Bi Nuru. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kinanda hakisikiki.

Lazima nikueleze, maana kwetu si hivi. Kipini mtu hutunza sauti. Imekupendeza, unainuka, unampa mwimbaji zawadi yake, unarudi kukaa, na kesho hakuna anayekuuliza. Hapa mtu hutunza mstari. Ukitaka mstari umpate mtu, unamzungukia kwanza yeye, na watu wote wanajua umempelekea. Na kama hukumzungukia mtu, ukaenda moja kwa moja kwa mwimbaji, basi umesema maneno yale ni yako, ni wewe unayeyasema kwa kinywa cha Bi Nuru. Wanawake wa hapa hili wanalijua toka wakiwa watoto mapajani. Zainabu halijui. Kwenye maharusi alikuwa haendi sana, kwa sababu kila akienda kuna mtu wa kumuuliza, "Na wewe, bado tu?"

Mkono wangu ulitaka kusimama. Lakini tabla ikikatika katikati ya ubeti kila mtu atageuka kuniangalia, na wanajua mimi ni kakake. Nikaendelea. Nikamtazama Zainabu nikimuomba kwa macho atulie tu, akae, wimbo uishe. Akainama kidogo kama anayetafuta kitu kwenye mkoba. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amejitia shughuli.

Kumbe alikuwa akitafuta noti. Bi Nuru akafika kwenye mstari usemao "Kosa langu silijui, wajibu nimetimiza", na Zainabu akainuka. Moja kwa moja mpaka kwa mwimbaji, hakumzungukia mtu, mkono mmoja kifuani, uso una tabasamu. Dada Amina, ua ule ulilipuka! Wengine walisimama juu ya viti. Bi Nuru, kazi yake ni hiyo, akamtaja jina, "Ahsante Bi Zainabu, ahsante mwanangu," akaurudia mstari ule mara tatu, na kila akirudia wananiangalia mimi niongeze ngoma. Niliongeza. Sikuwa na la kufanya.

Baada ya shughuli nilimkuta uchochoroni ananingoja, amefurahi wallahi. "Umeniona, kaka? Nimewaonyesha sikuumia."

"Zainabu, nani amekwambia utunze mstari ule?"

"Si nimeupenda tu. Mbona? Una kosa gani?"

Alidhani amejifuta aibu. Hakujua amesimama mbele ya ukoo wa mumewe akasema: mimi nimetimiza wajibu wangu, sahani nimeandika, mgeni ndiye asiyekuja, muulizeni mwenye kumleta. Yaani mumewe. Lile jiwe alilorushiwa yeye, amelirusha likampiga Swaleh, bila kujua kama ameshika jiwe.

Labda hata hivyo lingekufa. Shughuli za wanawake hufia kule kule uani mara nyingi. Lakini kulikuwa na mtu ametega redio kaseti chini ya jukwaa. Siku chache tu, kaseti hiyo yauzwa. Ukipita Kuze waisikia, ukipita Makadara waisikia, muuza kahawa anayo. Na mle ndani kila kitu kimo: vigelegele, jina la Zainabu, mstari mara tatu, na tabla yangu. Nilikwenda kwa mwenye duka la kaseti nikamuomba asitoe nyengine. Akanambia kwa upole kabisa, "Kaka Abdu, si bora ufurahi? Mnapata jina."

Watu hawa, toka siasa ya vyama vingi ianze walikuwa hawana neno jengine barazani ila chama hiki na chama kile. Sasa wameacha. Wanabishana mgeni ni nani. Jumamosi nilipita kunywa kahawa nikamkuta mstaafu mmoja wa bandarini anawafasiria wenzake, redio i mapajani, anaizima na kuiwasha kila neno. Sahani, asema, ni mke mwenyewe. Chakula ni mapenzi. Taa yawaka, maana yake ujana wake ungalipo. Mlango, hapo akakohoa, na watu wazima wenye mvi wakacheka wakipigana mabega. Kisha mmoja akaniona, wakanyamaza wote.

Nikakasirika. Nikawaambia, hebu acheni maneno, sikilizeni mahadhi. Nyimbo za kurushiana vijembe mwazijua, ngoma yake hukimbia, kinanda hucheka. Huu watembea. Huu ni wa mtu anayelia ndani kwa ndani. Kama ni kijembe, mbona hauna makali popote? Nikawagongea juu ya baraza kwa vidole, mdundo wa huu na mdundo wa ule, wasikie tofauti. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha yule mstaafu akasema, "Hapo ndipo penye ufundi, mwanangu. Kijembe kikubwa hakina makali." Wengine wakaitikia, na mmoja akanipongeza kwamba ndugu wawili tumeshirikiana vizuri. Kila nikieleza ndivyo wanavyozidi kuelewa lile wanalolitaka. Nikaiacha kahawa yangu pale nikaenda zangu.

Swaleh hakuja nyumbani kwangu. Alinijia kazini. Yeye ni wakala wa kuwatolea watu mizigo, kwa hivyo tunaonana karibu kila siku pale getini. Wamjua Swaleh, si mtu mbaya. Miaka yote hii hakumtamkia Zainabu neno zito. Siku hiyo alikuja amekonda uso, akanivuta nyuma ya lori.

"Shemeji, nakuuliza kama ndugu yangu. Wimbo ule dada yako ndiye aliyekuagiza atungiwe?"

"La, wallahi."

"Basi ni wa nani?"

"Wa mtu mwengine."

"Mtu gani?"

Ningesemaje, dada? Nilikuwa na kiapo cha watu. Nikanyamaza. Naye akatikisa kichwa, maana kunyamaza kwangu alikwisha kukufasiri.

"Watu wananipa pole," akasema. "Jana baada ya swala mtu amenitia kifurushi mkononi, mizizi, imefungwa gazetini. Kanambia nichemshe, ninywe asubuhi. Mtu ambaye hata jina lake silijui, Abdu. Kanishika bega kwa huruma." Nilitaka kumkumbatia, lakini wapagazi walikuwa wakitutazama.

Nilipotoka kazini nilikwenda Liwatoni moja kwa moja. Fundi Mbwana alikuwa chini ya injini kama kawaida. Nikamvuta miguu mpaka akatoka. Nikamwambia yote, ingawa mengi alikwisha kuyasikia. Nikamuomba, "Fundi, njoo kwa Swaleh, useme tu kwamba wimbo ni wako."

"Nitasema ni wangu," akanijibu. "Ataniuliza mgeni ni nani. Nitasema mwanangu Nasoro. Basi habari hiyo itafika kwa Saumu kabla mimi sijavua ovaroli hii. Ataniuliza: kumbe na wewe wamlilia? Si uliniambia yuko njiani? Nimwambie nini, Abdu? Nambie wewe nimwambie nini."

Nikamwambia Swaleh atatunza siri. Akanambia, "Swaleh ana mama, na mama ana Maimuna." Akakaa juu ya lile pipa lake akaanza kuifuta spana ambayo ilikuwa safi. Akanambia kama angeweza kuurudisha wimbo ule kooni angeurudisha, hata kama ungemkaba. Mtu mzima yule machozi yalikuwa yakimtiririka na mikono yake haikuacha kufuta. Nilikwenda na hasira, nikarudi sina hata hiyo hasira. Nilimuona Bi Saumu mlangoni pake nilipopita, akanipungia mkono akaniuliza hali ya mama yangu.

Hata hivyo nilishindwa kutulia. Nikamrudia Swaleh, nikamwambia bila kutaja jina: wimbo ule ni wa mzazi anayemngoja mtoto wake aliye mbali. Basi. Sahani ni sahani kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaona ameniamini, wallahi niliona, macho yalilegea. Kisha akasema:

"Abdu, hata wimbo ungekuwa wa mbuzi aliyepotea, dada yako aliinuka akautunza. Aliutunza mbele ya mama yangu."

Nikamwambia Zainabu hajui mila ya hapa, kwetu mtu hutunza sauti. Akasema yeye ajua, na Zainabu amemueleza hivyo hivyo akilia, naye amemuamini. "Mimi nimemuamini. Sasa niende nimueleze nani? Nisimame sokoni? Nipite kila nyumba yenye redio?" Alisema ameshauriwa na ukoo mzima, hana njia ila kuoa, mke huyo amzalie hata mtoto mmoja wa kike, watu wanyamaze. Msichana wenyewe wa Likoni hamjui vizuri. Nikamuuliza, na ikiwa huko nako mtoto hakuja? Akaniangalia kwa hofu, kisha akaenda zake. Najuta kumuuliza lile.

Hapo ndipo tulipo. Talaka hakumpa, na Zainabu hafukuzwi. Ameambiwa akipenda abaki, chumba chake ni chake, na akipenda aje Kipini apumzike kidogo. Wajua maana ya hilo "kidogo".

Na lililobaki nalo zito zaidi. Maimuna amekuja kwa kiongozi wa kikundi chetu akatukodi kwa harusi ya Jumapili. Nyimbo kazichagua mwenyewe. Wa kufungulia ni huu huu wa sahani. Tena ameagiza uchangamshwe, ngoma ikimbie, watu wacheze. Kiongozi aliponambia nilisema sendi, tafuteni tabla nyengine. Akaniangalia kwa huruma, akasema atatafuta mtu, hatanilaumu.

Nilikwenda kumwambia Zainabu nikidhani nampelekea habari njema, kwamba kakake hatapiga. Jana mchana hiyo. Nilimkuta jikoni akikanda unga wa mahamri, mikono mpaka viwikoni. Hakuacha kukanda.

"Nenda ukapige," akasema.

"Zainabu!"

"Usipokwenda watasema kaka amesusa, kwa hivyo ni kweli. Mimi pia nitakwenda. Nikikaa nyumbani watasema nimeugua. Nikienda nikakaa kimya, yamenichoma. Nikitunza, nimejibu. Nikilia, nimekiri. Nikicheka, sina haya. Nimeyafikiria yote, kaka. Hakuna nitakalofanya pale likawa halina maana. Basi nitakwenda tu." Akageuza donge la unga akaendelea. "Ila nataka awepo mtu mmoja mbele yangu ambaye hanifasiri."

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, ule wimbo ni wa nani hasa?" Nikaona nikimficha yeye nitakuwa nimewashinda wote kwa ukatili. Nikamwambia. Nasoro, jela, sahani ya kila Ijumaa, taa ya magharibi. Dada, mtoto yule hakulia siku Maimuna alipomchezea noti usoni. Hakulia Swaleh alipomwambia anaoa, au kama alilia si mbele yangu. Lakini kwa Bi Saumu alilia mpaka ikabidi akae chini, mikono yote unga, hana hata pa kujifutia.

Nikafikiri sasa ataniambia nikavunje kiapo, nikaseme mahali watu wanaposikia. Na mimi, Mungu ananiona, angesema nenda, ningekwenda saa ile ile.

Akasema, "Usimwambie mtu yeyote. Mwache mama wa watu na mwanawe."

Basi Jumapili nitavuka na tabla yangu. Nitapiga huo wimbo upesi upesi kama walivyolipia, na Zainabu atakaa safu ya mbele. Baada ya hapo nadhani atakuja huko. Mtandikie chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha la uchochoroni. Mtu yeyote akimuuliza habari za Mombasa mtafutie shughuli nyengine. Wala msimuonee huruma wazi wazi, hilo limemchosha.

Nisalimie mjomba wetu mwenye duka, mwambie zile pakiti za sindano za cherehani nimezipata, nitazituma na mtu wa kuaminika. Nisalimie shangazi yetu na wanawe wote, na shemeji yangu mumeo, mwambie nyavu nzuri zipo Liwatoni nitamuangalizia. Nisalimie yule jirani yetu wa kisimani, kama hasira imemwisha.

Na mama mpe mkono wangu. Kuna jambo moja juu yake, ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Kaseti ile inatembea. Juzi abiria mmoja wa mabasi amenambia ameisikia hotelini Garsen, na kabla ya hapo Malindi. Kutoka Garsen mpaka kwetu si mbali, na kuna vijana wa kuileta. Inawezekana iwe imeshafika kabla ya barua hii, na mama ameisikia kwa jirani. Akisikia jina la Zainabu linatajwa kwenye kaseti, tena linashukuriwa, atafurahi mno. Atasema mwanangu huyo, amekuwa mtu mkubwa Mombasa. Atataka irudishwe nyuma asikie tena.

Ikiwa hivyo, usimwambie neno. Mrudishie asikie.

Ni mimi ndugu yako,
Abdu